Alifumbua Macho Siku za Mvua

4 Machi

Sauti ambayo haijanitoka tangu jana ni ya pete za pazia zikikwaruza chuma. Chwaa. Wifi yangu alivuta pazia la chumba chake likafunguka, mtoto akapiga ukelele kama aliyemwagiwa maji ya moto. Akalivuta likafungika, chwaa, mtoto akanyamaza hapo hapo. Akarudia mara tatu ili nione.

"Umeona, wifi?"

Nikamwambia mtoto anashtushwa na kelele za chuma, azipake zile pete mafuta. Leo kazipaka. Pazia halina sauti tena, mtoto bado analia.

Tuko wanne nyumbani siku hizi: Mama, mimi, wifi, na binti yake wa miezi mitatu. Kaka yangu anaendesha lori la safari ndefu. Akifika analala siku mbili, anaondoka. Mama amempa mjukuu wake jina la Gololi kwa sababu ya macho yake, makubwa, meusi, yenye maji maji. Hayo maji ndiyo yanayomtia wifi wasiwasi. Yanamchuruzika hata asipolia.

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya watoto, mwaka wangu wa kwanza kazini. Nimemwangalia. Hakuna usaha, kope hazijavimba. Mfereji wa machozi umeziba, nikamwambia wifi, watoto wengi huzaliwa hivyo na huzibuka wenyewe. Nikamwonyesha kukanda: ncha ya kidole kidogo kwenye pembe ya jicho karibu na pua, unashuka nacho mara kumi, asubuhi na jioni. Alipomleta kupimwa uzito leo, nimeandika kwenye rejista hivyo hivyo: mfereji umeziba, kukanda.

7 Machi

Mvua ya kwanza. Paa la jikoni linavuja palepale pa mwaka jana.

10 Machi

Siku ya nne ya mawingu. Gololi amefumbua macho tangu asubuhi, anatazama huku na huku kama mgeni aliyeletwa kukagua nyumba. Machozi yamepungua. Mama ametangaza kwa jirani yetu, mama mmoja fundi wa cherehani, kwamba dawa ya shangazi mtu imefanya kazi kwa siku sita.

Fundi aliacha nguo aliyokuwa akiishona akaja kujionea. "Macho haya," akasema, "yatavunja nyumba za watu. Mwanangu, huyu akikua mfungie ndani."

"Mfungie wewe wako anayechungulia dirishani kwetu," Mama akamjibu. Tulicheka wote. Wifi naye alicheka, lakini kwa kuchelewa kidogo, kama kawaida yake. Ni mtu mwema, ila mzito. Unamwambia neno, analigeuzageuza kama anayetafuta tundu.

15 Machi

Mvua. Foleni ndefu, chanjo ziliisha saa sita. Hakuna la kuandika.

19 Machi

Mama mmoja kaleta mtoto anayetokwa na machozi. Nikamwonyesha kukanda mbele ya foleni nzima, na wengine wawili wakasogea wajifunze. Muuguzi mkuu alikuwa amesimama mlangoni. Baadaye akaniambia, "Wewe una mkono wa kufundisha." Nimerudi nyumbani nikitembea kwenye matope kama anayetembea kwenye zulia.

27 Machi

Mawingu. Gololi mzima.

2 Aprili

Jua limetoka jana na leo, kali, la kulipiza. Mtoto hashikiki. Ukimtoa nje anaukandamiza uso wake begani kwa mama yake, anafumba macho mpaka ngozi ya paji inakunjamana kama ya mzee.

"Wifi, huyu mtoto jua linamchoma."

"Jua linamchoma kila mtu."

"Si hivyo. Hata la dirishani. Anajificha kama mwizi aliyemulikwa tochi."

Nilikuwa nimesimama tangu asubuhi, miguu inawaka. Nikamwuliza, "Kwani kati yako na mimi, nani amesoma?"

Akanitazama. "Wewe, wifi." Akachukua ndoo akaenda kufua.

Mama alisema ni mtoto wa mvua tu. Wapo wa hivyo, akasema, hata mimi utotoni nilikuwa nikilia nikiona kuku. Nimeyaandika haya kwa sababu nimejisikia vibaya kwa lile neno la kusoma. Si kwa lingine.

5 Aprili

Mvua imerudi. Ametulia. Nimemnunulia wifi sabuni ya kunukia, kaiweka juu ya kabati bila kuifungua.

11 Aprili

Nitaandika polepole.

Ni siku ya tatu ya jua. Asubuhi nilikuwa nafunga viatu mlangoni, wifi akatoka na mtoto begani. Wingu lilikuwa limepita mbele ya jua kidogo, na Gololi akaiba nafasi hiyo kunifumbulia macho. Kisha wingu likaondoka. Kwa muda wa pumzi moja, kabla hajayafumba, nikayaona yote mawili kwenye mwanga mweupe. La kulia lilikuwa na ukungu, kama kioo ambacho mtu amekipulizia pumzi. Na lilikuwa kubwa kuliko la kushoto. Mtoto wa miezi minne, ninayemwogesha kila Jumapili, na jicho lake moja limelizidi lingine bila mimi kujua.

Nikavua viatu nikarudi ndani. Wifi akaniuliza, "Huendi kazini?" Nikatoa kitabu changu cha mwaka wa pili chini ya kitanda. Sentensi iko katikati ya ukurasa: mtoto mchanga anayetokwa na machozi, anayeogopa mwanga, anayekaza kope, ambaye jicho lake ni kubwa au lina ukungu, apelekwe kwa daktari wa macho bila kuchelewa. Nimeipigia mstari mwenyewe, kwa kalamu nyekundu. Pembeni nimeandika "muhimu sana". Katika mtihani ule nilipata tisini na mbili.

Nilikaa chini sakafuni nikizihesabu siku. Kila siku tuliyosema amepona ilikuwa siku ya mawingu. Hatukumponya. Mvua ilimpunguzia mwanga, naye akapata nafuu ya kuweza kututazama. Tukaimba dawa ya shangazi.

Kliniki yetu nayo inapima watoto kwenye chumba cha ndani, madirisha yamepakwa rangi ili watu wasichungulie. Siku aliyoletwa, nilimwangalia macho humo, gizani, na hakuwa na sababu ya kuyafumba.

Nimemwambia wifi kesho tunaenda hospitali ya macho. Hakuuliza kwa nini. Amesema tu, "Nitaamka mapema nimnyonyeshe."

12 Aprili

Daktari wa macho ni mwanaume mwembamba, sauti ya chini, anayezungumza na mtoto kabla ya kuzungumza na mtu mwingine. Alizima taa akawasha kitochi. Gololi akajikunja. Daktari akasema, "Pole, mama, pole, nimemaliza," na hakuwa anasema na wifi.

"Machozi yalianza lini?"

Nilifungua mdomo. Wifi alikwisha kuingiza mkono kwenye mfuko wake, akatoa karatasi zilizokunjwa mara nne. Ilikuwa kalenda ya jikoni, kurasa za Januari hadi Aprili. Kila siku ina alama yake. Duara, amefumbua macho. Msalaba, amejificha. Vistari vitatu vya kushuka, mvua. Machozi yameanza katikati ya Januari, wiki ya sita ya mtoto, nukta ya kalamu ya bluu. Mimi nakunywa chai mbele ya kalenda hiyo kila siku. Nilidhani anaandika siku za kulipia maziwa.

Daktari aliitandaza mezani, akafuata kwa kidole. Maduara yote yalikuwa juu ya mvua.

"Nani amekufundisha?"

"Hakuna. Niliona nikisema kwa mdomo hakuna anayesikia."

"Huyu mama," daktari akamwambia msaidizi wake, "ndiye daktari wa mtoto huyu. Sisi tumefika leo."

Kisha akatueleza. Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa wakati wote, na kuna njia yanapotokea. Kwa Gololi njia hiyo haikuumbika sawasawa. Maji yanaingia, kutoka hayatoki. Presha inapanda. Jicho la mtu mzima lingebaki na ukubwa wake, lakini la mtoto bado ni laini, linavutika kama puto, na kioo chake cha mbele kikivutika sana kinapata ukungu. Huku nyuma ile presha inaua mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, na mshipa huo ukifa haurudi. "Watu wanaita presha ya macho, sisi tunaita glakoma. Haya macho makubwa mnayoyasifia ndiyo ugonjwa wenyewe."

"Na kule kukanda?" wifi akauliza.

"Hakukumdhuru. Kumemchelewesha tu." Akainua uso. "Nani aliwaambia mkande?"

Chumba kilikuwa kidogo. Goti langu lilikuwa linagusa la wifi.

"Kliniki," akasema, akitazama sakafu.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilihesabu mpaka tano, mpaka kumi, kisha daktari akaanza kuandika na nafasi ikapita.

Upasuaji ni tarehe kumi na nane, macho yote mawili. Matone aliyotupa ni ya kusogeza siku tu. Tiba yake ni kisu.

13 Aprili

Mama hataki. "Kisu kwenye jicho la mtoto wa miezi minne? Na usingizi wa dawa juu yake? Mjukuu asiyeona nitamshika mkono. Asiyeamka nitamshika nini?"

"Mama, sahihi ni yangu," wifi akasema.

"Mtoto ana baba."

"Baba yake yuko njiani na shehena. Na presha iko machoni kwa mtoto, haimngoji."

Sijawahi kumsikia akimjibu Mama. Hakupandisha sauti. Mama akampigia Kaka simu, akaiweka mezani tusikie wote, na sauti ya kaka yangu ikatoka ndani ya ngurumo ya injini: "Dada si yupo? Si ndiye daktari wetu? Akisema ndiyo, ni ndiyo."

Wote wawili wakanigeukia. Nikasema ndiyo. Mama akafuta uso kwa pindo la nguo akaenda kulala bila kula.

16 Aprili

Matone asubuhi na jioni. Mvua kubwa. Amefumbua macho, ametuchekea. Safari hii hakuna aliyefurahi.

18 Aprili

Walituambia asinyonye kwa saa nne kabla. Gololi hajui saa. Alilia mpaka sauti ikawa ya mlango mkavu, na maziwa ya wifi yakawa yanajitoka yenyewe yakilowesha gauni lake kifuani, naye anamwinua mtoto mbali ili asinuse. Daktari wa usingizi, mama mnene mwenye kofia ya maua, akampokea mikononi. "Nipe bibi harusi wangu," akasema. "Nitamrudisha, nami sipendi kurudi mikono mitupu." Mlango ukafungwa.

Benchi la korido limefungwa kwa bolti sakafuni. Mfagizi alipita na dekio mara mbili, tukainua miguu mara mbili. Wifi hakusali kwa sauti, hakulia. Alikuwa amekishika kifuniko cha ile chupa ya matone, anakifungua na kukifunga hewani. Nilitaka kumwambia pale. Nikajidanganya kwamba si wakati wa kumwongezea mzigo. Ukweli ni kwamba niliogopa angenihama benchi.

Saa mbili na nusu baadaye daktari akatoka, kofia mkononi.

"Ameamka, analia, mnaweza kumnyonyesha. Njia ya maji tumeifungua pande zote mbili. Sasa nisikilizeni." Alizungumza na wifi tu. Kioo cha jicho la kulia kina upana wa milimita kumi na tatu na nusu. Kwa umri wake kingekuwa kama kumi na moja. Mshipa wa nyuma umekwisha liwa karibu wote. "Jicho hilo litajua mchana na usiku. Zaidi ya hapo sikuahidi. La kushoto tumelikuta mlangoni linatoka, tumelivuta. Presha ikikaa chini, ataona nalo."

"Tungekuja mwezi uliopita?" wifi akauliza.

Daktari alisugua alama ya kofia kwenye paji lake. "Ungekuja mwezi uliopita ningekuwa na maneno mengi zaidi."

Wifi akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani kumnyonyesha. Mimi nilibaki nimesimama kwenye unyevu wa dekio.

22 Aprili

Tumerudi nyumbani. Vikinga macho vya plastiki vyenye matundu. Fundi alichungulia, akaondoka bila mzaha.

30 Aprili

Matone ya aina mbili kwa zamu. Nilinyoosha mkono nichukue chupa, wifi akasema, "Acha, nitamtia mimi." Ananawa mikono mpaka kwenye viwiko, anavuta kope la chini, tone moja, anabonyeza pembe ya jicho karibu na pua ili dawa isikimbilie kooni, anahesabu. Ni pembe ile ile niliyomwonyesha mimi. Nilikuwa nikimwona mzito. Alikuwa anahakikisha.

3 Mei

Mawingu. Ukungu wa jicho la kulia umepungua kidogo, kwa hiyo sasa linapendeza. Wageni wanalisifu hilo.

8 Mei

Wamemlaza usingizi tena, kumpima. Kushoto presha imeshuka. Kulia imeshuka nusu, daktari anasema huenda wakarudia, kwa ajili ya maumivu, si kwa ajili ya kuona. Atapimwa hivi kila baada ya miezi michache, kisha kila mwaka, maisha yake yote. Atavaa miwani kabla hajatembea. Mama aliuliza, "Kwa hiyo hajapona?" Daktari akamjibu, "Analindwa, mama. Ni kazi isiyoisha."

12 Mei

Nimemwambia.

Alikuwa uani anaanika nguo. Nilimsimamia nyuma nikasema yote bila kupumzika, kitabu, mstari mwekundu, zile siku za mvua, ule ukimya wa kwa daktari. Aliendelea kuanika. Alipomaliza nguo zote ndipo akageuka.

"Nilijua siku ile ile alipouliza nani aliwaambia. Nikakupa mlango. Nikangoja uingie."

"Nisamehe, wifi."

"Sijui. Leo sina." Akaokota beseni. "Nilivuta lile pazia mara tatu mbele yako. Ukaniambia nipake mafuta."

Nikaokota kibanio cha nguo kilichoanguka.

"Na usiniombe mimi peke yangu," akasema. "Kidole kile umewaonyesha wangapi?" Kisha, akiwa mlangoni: "Njoo unishikie kichwa chake. Saa ya dawa imefika, na amekuwa na nguvu."

Nikaenda nikakishika. Kina joto, kinatoa jasho kidogo utosini. Alinitazama kwa jicho la kushoto, bila kulifumba, na mlango ulikuwa wazi.

14 Mei

Nimepekua rejista tangu nilipoanza kazi. Watoto kumi na wanne, mbali na Gololi, mwandiko wangu, kukanda. Hakuna hata mmoja niliyemtoa nje kwenye mwanga. Nilimwuliza daktari kwa simu. Akasema ugonjwa huu ni nadra, mtoto mmoja kati ya maelfu, na wengi wa hao kumi na wanne kweli wana mfereji ulioziba. "Lakini," akasema, "hata wa kwenu alikuwa mmoja kati ya maelfu."

17 Mei

Baada ya kazi, nyumba kwa nyumba. Nimewaona saba. Nawatoa mlangoni kwenye jua, natazama ukubwa, natazama kioo, natazama kama wanajificha. Mama wa mmoja alidhani nimekuja kuwaletea zawadi. Wote wazima. Kila mmoja anipapo mtoto, nahesabu mpaka afumbue macho.

20 Mei

Kumi na wawili, wote wazima. Wawili wamehama, majirani hawajui walikokwenda, namba zao za simu hazipatikani. Mmoja wao alikuwa na wiki tano nilipomwona, na kwenye safu ya maelezo nimeandika kwa mkono wangu: "hapendi mwanga, atazoea."

Nimeisoma hiyo sentensi mara nyingi leo. Sikumbuki kuiandika.

21 Mei

Muuguzi mkuu amesoma barua yangu akiwa amesimama. Nimeeleza kosa langu, nimetaja jina langu, nimeomba kliniki zote za wilaya zitangaziwe majina ya mama wale wawili ili popote watakapoenda kupima uzito waelekezwe hospitali ya macho. Nimeomba pia upimaji uhamie barazani, kwenye mwanga.

"Mwanangu," akasema, "baraza nakupa kuanzia kesho. Hii karatasi siwezi kuipeleka juu. Watakufukuza, halafu watakuja kuniuliza mimi nilikuwa wapi."

"Ulikuwa mlangoni," nikasema. "Ulinisifu."

Akaitia barua kwenye droo, akaifunga kwa ufunguo. "Nakuhifadhi," akasema, na nadhani anaamini hivyo.

Jua limeshika. Mvua zimekwisha, wanasema, mpaka msimu ujao.

23 Mei

Nimeandika nakala nyingine kwa mkono, pamoja na ile sentensi ya "atazoea" neno kwa neno. Wifi aliisoma kabla sijaondoka, polepole, akaniambia nimekosea tarehe moja, machozi ya Gololi yalianza wiki ya sita, si ya nane. Nikasahihisha.

Saa nne asubuhi nimeifikisha mwenyewe ofisi ya mganga mkuu wa wilaya. Karani aliuliza kama imepitia kwa mkubwa wangu. Nikamwambia mkubwa wangu anayo yake. Ameigonga muhuri, ameiandikia namba, amenipa nakala yenye muhuri, na ameniambia majina yale mawili yatatumwa kwenye kliniki zote leo kabla ya saa za kazi kwisha. Kuhusu mimi wataniita.